Sura ya Nne: Je, Kitabu Kinaishinda Benga?

Kila shule zinapofungwa, wazazi wa Migori na Homa Bay huwarudia walimu na swali lilelile: mtoto akiachiwa jioni yake, yupi anaitumia vyema? Anayesoma riwaya, anayetazama mpira, anayesikiliza muziki wa ohangla, au anayepekua video fupi kwenye simu mpaka bando liishe? Wengi huuliza huku jibu wanalo tayari. Kitabu ndicho bora, mengine ni kupoteza wakati. Lakini mwulize mzazi huyohuyo kitabu cha mwisho alichosoma kwa kujifurahisha, na mara nyingi atakutajia kile alichotahiniwa kidato cha nne.

Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa hiyo nitasema msimamo wangu mapema. Kitabu hakizaliwi na ubora ndani yake. Kina kazi chache ambazo burudani nyingine hazifanyi, au hazifanyi vizuri, na kazi hizo ni kubwa. Shida ni kwamba huku kwetu kimepewa heshima kikanyimwa raha, na mtoto hupenda kitu kwa raha yake kwanza.

Ninaposema burudani, nakusudia lolote ambalo mtu hulifanya kwa hiari yake, bila kulipwa na bila kusukumwa. Kwa maana hiyo mwanafunzi anayekariri riwaya kwa ajili ya mtihani hajiburudishi. Yuko kazini.

## Heshima ya kitabu ilitoka wapi

Mwaka 1906 mmishonari wa Kanisa la Waadventista Wasabato, Arthur Carscallen, alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Misheni ilijenga kanisa na shule, kisha ikaleta mtambo wa kupiga chapa. Kwa Wajaluo wa pwani ile ya Ziwa Victoria, kitabu kiliingia kikiwa kimeshikana mkono na ubatizo na daftari. Aliyejua kusoma alipata dini mpya, kisha akapata kazi ya ukarani, ualimu au ukalimani. Hakuna aliyewaambia watu kwamba kitabu ni kitu cha kustarehe nacho jioni. Kilikuwa mlango wa kutokea.

Na mlango huo uliwapitisha watu kweli. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, alisaidia kuandaa safari iliyowapeleka wanafunzi 81 vyuoni Marekani kwa ndege moja, na wengine wakafuata. Familia iliyomwona kijana wake akipanda ndege kwa sababu ya vitabu haikuhitaji kuhubiriwa thamani ya kusoma. Heshima ile ilikuwa na msingi, nami siibezi hata kidogo.

Ila tuangalie vizuri ni heshima ya nini. Iliyoheshimiwa ni elimu yenye cheti, na kitabu kikabebeshwa sifa hiyo. Mtu wa Ndhiwa akisema mwanawe anapenda kusoma, jirani huelewa kwamba mtoto anafanya vizuri darasani. Ni nadra aelewe kwamba mtoto amezama katika hadithi na hasikii akiitwa kula.

Kuna mtu mmoja wa eneo hili aliyekitumia kitabu kwa njia nyingine. Paul Mboya, mchungaji wa Kisabato na chifu wa Karachuonyo, alitoa mwaka 1938 kitabu kwa Dholuo kiitwacho *Luo Kitgi gi Timbegi*, kuhusu mila na desturi za Wajaluo. Aliyaandika mambo ambayo kwa vizazi vingi yalikuwa yakisemwa tu, kuanzia ndoa na mazishi hadi namna ya kuweka boma. Hapo kitabu kilifanya kazi ya kuhifadhi sauti za wazee, na watu wakaanza kusoma habari zao wenyewe katika lugha yao. Ningependa kila mzazi anayelisifu neno kusoma amkumbuke chifu huyu kabla ya kumkumbuka karani.

## Shule iliyotangulia: siwindhe

Kabla ya Gendia kuwa na mtambo, watoto wa Kijaluo walikuwa na chumba chao cha hadithi. Siwindhe ni nyumba ya mwanamke mzee, mara nyingi nyanya, ambamo watoto walilala na kufundishwa. Mwanamke huyo aliitwa pim. Usiku aliwasimulia ngano na visa vya mashujaa, akawategea vitendawili, akawaeleza nani ni jamaa na nani anaweza kuolewa. Asubuhi walirudi kwa mama zao.

Wengi husimulia habari za siwindhe kana kwamba watoto walikaa kimya wakimeza maneno. Haikuwa hivyo. Mtoto alitakiwa kujibu kitendawili, kuitikia wimbo ulio katikati ya ngano, na zamu yake ikifika asimulie yeye. Pim aliona uso wa kila msikilizaji. Akiona mmoja ameogopa alipunguza makali, na akiona mwingine amesinzia alimtupia swali. Kitabu hakijui kama umelala.

Chukua kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo la chumvi lililo karibu na Kendu Bay. Wenyeji husimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Bibi kizee alifika usiku watu wakiwa kwenye sherehe ya pombe, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, naye akaokoka pale maji yalipokimeza kijiji kizima. Mtoto anayesimuliwa kisa hiki akiwa Karachuonyo anaweza kupelekwa kesho yake akalitazama ziwa lenyewe, na ndege heroe wakiwa majini msimu wao ukifika. Hadithi, mahali na msimulizi vimekutana. Hiyo ni burudani yenye mafunzo ya hali ya juu, na haina hata ukurasa mmoja.

Fasihi simulizi, yaani sanaa ya maneno inayotungwa na kupokezanwa kwa mdomo, ilidharauliwa kwa muda mrefu na watu waliosoma. Mwaka 1968, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo, pamoja na ile ya kusimuliwa. Walishinda kwa kiasi kikubwa. Leo fasihi simulizi iko katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne. Nafurahia ushindi ule, ingawa nasikitika kwamba mwanafunzi wa Awendo anaweza leo kutaja sifa za ngano kwenye karatasi bila kuwahi kusimuliwa ngano moja nyumbani kwao.

Kwa ufupi: kitabu kilikuja hapa kama chombo cha dini na kazi, na kilizikuta burudani zilizokuwa zikiamsha akili tayari. Kudai kwamba akili ilifika pamoja na maandishi ni kuwakosea pim wote.

## Hata vitabu viliwahi kuitwa sumu

Anayedhani kitabu kimeheshimiwa daima na kila mahali atashangaa. Karibu miaka 2,400 iliyopita, Mgiriki Plato aliandika mazungumzo ambamo mwalimu wake Socrates anahofia kwamba maandishi yataharibu kumbukumbu za watu, kwa kuwa wataacha kubeba maarifa kichwani. Mwaka 1605 Cervantes wa Hispania alimtunga Don Quixote, bwana aliyepoteza akili kwa kusoma visa vya mashujaa. Katika karne ya 18, wahubiri na wazazi wa Uingereza walilalamika kwamba riwaya zinawaharibu wasichana: zinawapa ndoto zisizotimia, zinawafanya wakeshe, zinawaacha wavivu jikoni.

Yasome tena malalamiko hayo ukiweka neno simu mahali pa riwaya. Ni yaleyale. Burudani mpya hushtakiwa na wazee wa burudani iliyotangulia, na hilo linatosha kutufanya tusite kabla ya kuhukumu. Hata hivyo, kwamba wazee wa zamani walikosea kuhusu riwaya hakuthibitishi kwamba sisi tunakosea kuhusu simu. Kila kitu kipimwe kwa kinachofanya.

## Kazi ambazo kitabu kinaziweza

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu anayekitetea kitabu kwa sifa za jumla hukidhoofisha. Tuseme waziwazi kinafanya nini.

Kwanza, kinamvusha nyanya wa mtu mmoja hadi kwa wajukuu wasio wake. Dakta Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. Kutokana na masimulizi ya ukoo wake alitunga *The River and the Source*, riwaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1994 na kupata mwaka uliofuata tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza kutoka Afrika. Ni habari za Akoko, mwanamke wa Kijaluo mwenye msimamo, na vizazi vilivyomfuata. Baadaye ilisomwa shuleni kote Kenya. Msichana wa Garissa ambaye hajawahi kuliona Ziwa Victoria alimjua Akoko. Pim hodari kuliko wote hawezi kuwafikia watoto wengi namna hiyo, wala kuwafikia baada ya kufa kwake.

Grace Ogot alifanya jambo kama hilo mapema zaidi. Riwaya yake *The Promised Land*, ya mwaka 1966, inawafuata mume na mke Wajaluo wanaohamia Tanganyika kutafuta ardhi. Watu wa Migori wana jamaa ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirari, na safari ile wanaijua kwa miguu yao. Mwaka 1983 alitoa *Miaha* kwa Dholuo. Hakuona aibu kuandika kwa lugha ya nyumbani wakati wengi waliamini kwamba kitabu cha maana huandikwa kwa Kiingereza.

Pili, kitabu kinakuingiza ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Filamu hukuonyesha uso wa mtu anayedanganya. Riwaya hukupa mawazo yake wakati anadanganya, na sababu anazojipa ili alale usingizi. Tahadhari moja, lakini. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kusoma hadithi za kifasihi kwa muda mfupi tu huongeza uwezo wa kuelewa hisia za wengine. Habari hiyo ilienea duniani, kisha wenzao waliorudia jaribio lile hawakupata matokeo yaleyale. Kwa hiyo tusiwaahidi wazazi kwamba sura moja ya riwaya itamgeuza mtoto kuwa na huruma. Tunachoweza kusema ni kwamba riwaya hutupa nafasi ya kukaa ndani ya maisha ya mtu mwingine kwa saa nyingi, na nafasi hiyo ni adimu.

Tatu, maneno. Watafiti waliohesabu maneno ya Kiingereza waligundua kwamba vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi zaidi kuliko mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliofika chuo kikuu. Sababu si ngumu kuiona. Tunapoongea tunasaidiwa na mikono, uso na vitu vilivyo mbele yetu: tunasema "lete kile" na kitu kinaletwa. Mwandishi hana mkono wa kuonyesha, inambidi alitafute neno lenyewe.

Nne, na hii haisemwi vya kutosha, kitabu kinatunza siri. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi na Virusi vya Ukimwi nchini Kenya, na katika nyumba nyingi mambo ya mwili hayatajwi mbele ya wakubwa. Msichana wa Karungu anaweza kujifunza kutoka kitabuni kuhusu hedhi, mimba na maambukizi bila mtu kumuuliza kwa nini anataka kujua. Hadithi ya siwindhe ilisikika na wote waliomo. Redio husikika uani. Simu ya nyumbani hupita mikononi mwa watu watano, na kila mmoja huona mwenzake alitafuta nini. Ukurasa ukifungwa umefungwa.

Tano, kitabu hukubali kukaguliwa. Ukifika ukurasa wa 140 ukahisi mwandishi anajipinga, unarudi ukurasa wa 40 na kumshika. Msemaji wa jukwaani hupita na maneno yake. Nadhani hapa ndipo demokrasia inapokihitaji kitabu kuliko kitu kingine chochote.

## Wimbo unaotaka akili

Sasa nigeuke upande wa pili. Benga ni muziki wa gitaa la kasi uliokomaa miongoni mwa Wajaluo katika miaka ya 1960, na wengi husikia ndani ya gitaa hilo mlio wa nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Wajaluo. Wakuria wa Migori nao wana iritungu, jamaa yake. Mmoja wa mabingwa wa benga, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na Muhuru Bay, akaongoza bendi ya Shirati Jazz mpaka alipofariki mwaka 2006. Nyimbo zake zilizungumza kwa mafumbo, na wanyama na visa vya Biblia vikisimama mahali pa watawala. Serikali ilizielewa vya kutosha kumtia ndani.

Wazee wanaokaa chini ya mti Rongo wakibishana Misiani alimkusudia nani katika wimbo fulani wanafanya kile ambacho mwalimu wa fasihi anakitamani darasani. Wanatafuta maana iliyofichwa, wanaleta ushahidi, wanakumbushana historia. Walinganishe na mwanafunzi aliyenunua mwongozo, yaani kijitabu cha muhtasari na majibu, akakariri dhamira na wahusika wa *Chozi la Heri* bila kuifungua riwaya yenyewe. Mkononi ana kitu chenye kurasa, lakini mimi nawahesabu wale wazee kuwa ndio wasomaji.

Mpira nao una simulizi zake. Mashabiki wa Awendo bado wanakumbuka mwaka 2006, timu ya kiwanda chao cha sukari, SoNy Sugar, ilipotwaa ubingwa wa Kenya. Klabu ya Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, imebeba jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, na vijana wengi hulisikia jina lake kwanza uwanjani. Kisiwani Mfangano, redio ya jamii ya EK FM imetangaza kwa Kisuba, lugha yenye vitabu vichache sana na wazungumzaji wanaopungua. Kama ubora ungekuwa wa kitabu peke yake, Msuba angehesabiwa maskini wa akili. Redio ile imemfanyia kazi ambayo hakuna duka la vitabu lililomfanyia.

Si kila burudani, hata hivyo, itapata utetezi wangu. Michezo ya kamari kwenye simu imetengenezwa ichukue pesa, na hukopa sura ya mpira ili ionekane ya kirafiki. Disko matanga, ngoma za usiku za kuchangisha pesa za mazishi, zimewaweka watoto wengi hatarini. Video fupi zinazofuatana bila kikomo zimepangwa ili mtazamaji asifikie mahali pa kusimama. Kitabu kina sura na mwisho, ngano ina mwisho, mechi ina filimbi. Burudani isiyo na mwisho humnyima mtu nafasi ya kuitafakari.

Kwa ufupi: tofauti kubwa iko kati ya burudani inayokuomba ufanye kitu na ile inayokuomba ubaki tu hapo. Vitabu vizuri viko kundi la kwanza, pamoja na benga ya Misiani na mchezo wa ajua, ndugu wa bao. Kuna vitabu vya kundi la pili pia.

## Nani ana mikono mitupu?

Wanaolaumu watu kwa kutosoma husahau mikono na mwanga. Mama anayeanika omena Sori au Mbita ana mikono iliyojaa mchana kutwa. Anaweza kusikiliza redio akiendelea na kazi, hawezi kufungua riwaya. Mvuvi wa omena hukesha majini na taa zake usiku wa giza, alale asubuhi. Mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi huo hupungua, na hapo hupata usiku kadhaa wa kukaa ufukweni. Kama kuna wakati wa kitabu katika maisha yake ni huo, na kitabu cha kumfaa kinapaswa kuwa kifupi, cha bei nafuu, kwa Dholuo au Kiswahili. Vya namna hiyo ni vichache madukani.

Kusoma kwa kujifurahisha kunadai muda usiokatwakatwa, mahali penye utulivu na taa. Msichana anayechota maji, kupika na kuangalia wadogo zake hana hata kimoja, na kaka yake mara nyingi ana vyote vitatu. Kabla ya mzazi kumkemea binti kwa kutosoma, atazame amempangia kazi gani baada ya chakula cha jioni.

## Maswali ya kumpimia mtoto

Mzazi anayetaka jambo la kushika, badala ya kuuliza "ni kitabu au si kitabu", ajiulize haya:

- Baada ya hapo, mtoto anaweza kunisimulia alichosoma, alichoona au alichosikia, tena kwa maneno yake?
- Kina mwisho, au kinamvuta tu?
- Kinamgharimu nani pesa, na pesa hizo zinaenda kwa nani?
- Kimemkutanisha na watu au fikra ambazo hapa kijijini asingezipata?

Swali la nne ndilo kitabu hulijibu vizuri kuliko burudani nyingine zote. La kwanza ndilo pim alilolishinda.

## Kitabu kisicho na mtihani

Ingia katika duka la vitabu mjini Migori au Homa Bay mwezi wa Januari. Utakuta vitabu vya kiada, miongozo, na riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kwa mtihani. Mwenye duka hana kosa, anaweka kinachonunuliwa. Vitabu vilivyoteuliwa vikibadilishwa, vya zamani havitafutwi tena, hata kama ni vizuri kuliko vipya. Hivyo ndivyo mtoto hufundishwa bila kuambiwa kwamba kitabu kina tarehe ya kufa, na tarehe hiyo ni siku ya mtihani wake.

Awendo kuna maktaba ya umma, iliyoanzishwa chini ya Huduma ya Maktaba za Kitaifa za Kenya. Kama maktaba nyingi nchini, ukumbi wa namna hiyo hujaa wanafunzi wanaokuja na madaftari yao kudurusu. Ni haki yao, maana nyumbani hakuna meza. Lakini rafu za hadithi zinawangoja palepale, na mzazi anaweza likizo hii kumpeleka mtoto na sharti moja tu: achague chochote ambacho hakuna mwalimu atakayemuuliza. Akikichoka ukurasa wa kumi, akirudishe achukue kingine. Akichagua kitabu cha wachezaji wa mpira, kiwe hicho. Na jioni asiulizwe amejifunza nini. Aulizwe ilikuwaje kisa kile, na wadogo zake waachwe wamkatize kwa maswali.